Aliyeukata Ukucha wa Dole

Ukelele ulitoka chumbani Alhamisi, saa kumi kasorobo alasiri. Wanawake waliokuwa uani wakimenya vitunguu walidhani mzee amekutana na nyoka. Walipofungua mlango walimkuta ameketi kitandani na fulana yake, mkono wa kushoto umeshika kidole gumba cha kulia.

"Nimekatwa," alisema.

Damu haikuwepo. Kidole kilikuwepo, kizima. Kilichokatwa ni ukucha.

Kwa mtu mwingine hiyo si habari. Ukucha ukikatwa unaota. Lakini huyu alikuwa Dole, na jina hilo hakupewa bure. Miaka mingi alikuwa anapiga gitaa kwa vidole vitupu, na ukucha wa kidole gumba ndio uliobeba sauti nzito, ile inayomfanya mtu atikise kichwa kabla hajajua kama wimbo ameupenda. Aliufuga mrefu, akausugua kwa msasa laini, akaupaka gundi kali tabaka juu ya tabaka usivunjike. Asipopiga gitaa, aliuvalisha kifuko kidogo cha ngozi na kukifunga kwa uzi. Tangu aoe hajawahi kuosha sahani, akisingizia ukucha. Mkewe alikuwa na usemi wake: "Mimi nimeolewa na ukucha. Huyu mwingine ni mbebaji tu."

Na Jumamosi ilikuwa harusi ya binti yake, mtoto wake wa pekee. Kulikuwa na wimbo usio na maneno ambao Dole aliutunga siku binti huyo alipozaliwa. Aliupiga alipoanza kutembea, akaupiga alipofaulu mtihani, hata alipofeli. Alikuwa ameahidi kuupiga binti akiingia ukumbini. Bila ukucha hakuna wimbo, na bila wimbo Dole angekuwa baba aliyevunja ahadi mbele ya ukoo mzima.

Kaka wa mkewe alikuwa nyumbani pale, amekuja kwa ajili ya harusi. Nyumba nzima ilimwita Mjomba. Kazi yake ilikuwa upelelezi katika polisi, na tangu afike likizo alikuwa hajapeleleza kitu zaidi ya sufuria. Sasa dada yake alimtazama, naye akaelewa kwamba likizo imekwisha. Aliwatoa watu wote chumbani, akafunga mlango na kuvuta kiti.

"Haya, shemeji. Toka mwanzo, na usiongeze chumvi."

Dole alisema amekula saa saba, akapiga gitaa kidogo sebuleni, akaja kulala kama kawaida yake. Usingizi wake wa mchana ulijulikana mtaa mzima. Siku moja paa la jirani liliezuliwa na upepo likaanguka pale dirishani, naye akaamka jioni kuuliza chai. Safari hii alipoamka alifungua kifuko ili asugue ukucha, akakuta hakuna cha kusugua.

"Ulifungua kifuko, au ulikikuta wazi?"

"Nilifungua. Kilikuwa kimefungwa."

"Kimefungwaje?"

Dole alifikiri. Yeye hufunga kwa mkono mmoja na meno, fundo gumu. Hili alilolifungua lilikuwa na kitanzi, kama la kiatu cha mtoto wa shule. Alivuta uzi mara moja tu likaachia.

Mjomba alipiga magoti akatafuta sakafuni, chini ya kitanda, ndani ya shuka. Hakupata kipande cha ukucha hata kimoja. Kisha akaomba kidole. Kabla hajakitazama alikinusa. Juu kulikuwa na harufu kali, ile ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine iliyomkumbusha sindano: spiriti.

Ukucha wenyewe ulikatwa taratibu, vipande vidogo vidogo, karibu kabisa na nyama lakini nyama haikuguswa. Gundi yote ilikuwa imetoka. Na pale gundi ilipotoka, Mjomba aliona kitu ambacho hakukitegemea. Ukucha uliobaki ulikuwa wa njano. Pembeni ulikuwa umenenepa na kumeguka kama chaki iliyolowa, umejitenga na nyama, na chini yake kulikuwa na giza la kijani lililokaribia weusi.

Dole alirudisha mkono haraka.

"Ni gundi hiyo," alisema.

"Gundi imetoka, shemeji. Hiki kimebaki. Tangu lini?"

Dole alitazama dirisha. Mwaka, alisema hatimaye. Labda zaidi. Hospitali hakwenda, kwa sababu rafiki yake mmoja alikwenda na kidole cha mguu kikiwa hivyo hivyo, wakamng'oa ukucha wote. Alichofanya yeye ni kuongeza gundi. Na ulipozidi kuoza, akaongeza tena.

Mjomba aliinuka, akaenda kuanza na watu.

Kati ya saa nane na saa kumi kasorobo, nyumba ilikuwa na watu lakini si umati. Uani walikuwepo mke wa Dole na shangazi wawili. Sebuleni alikuwepo mpiga gitaa mwenzake Dole, ambaye kwa miaka yote hiyo amepiga gitaa la pili hadi watu wakamwita Pili. Chumbani kwa binti walikuwepo bibi harusi mwenyewe na msichana wa saluni aliyeitwa kuja kupaka kucha, ambaye kila mtu alimwita Dada Rangi. Bwana harusi naye alipita saa tisa na nusu kuleta viti vya kuazima. Shangazi walimcheka, kwa sababu aliondoka mbio bila hata kunywa maji, kama mtu anayeogopa watambadilishia mchumba. Alisema anawahi hospitali, kwenye maabara anakofanya kazi.

Dole hakusubiri upelelezi. Alikuwa na jibu lake tayari, na jibu hilo lilikuwa limekaa sebuleni na gitaa mapajani.

"Ni Pili," alisema mbele ya watu. "Nisipopiga mimi Jumamosi, anapiga nani? Miaka yote ananiangalia kidole hiki kama fisi anavyoangalia mkono wa mtu."

Pili aliweka gitaa chini polepole. Alikuwa mtu mpole, mnene, asiyependa kelele. Alisema kama angetaka kumkata Dole kitu, angemkata ulimi, na angekuwa ameshafanya hivyo zamani. Wakasimama wakakabiliana, wazee wawili wenye vitambi, na mke wa Dole akapita katikati yao na beseni la vitunguu kama hawapo.

Mjomba alimketisha Pili, akamuuliza alikuwa wapi. Pili alisema hapo hapo, akifanya mazoezi. Mjomba alimwomba aonyeshe mikono. Kucha zilitafunwa mpaka kwenye nyama, kumi zote, hazingeweza kumenya hata chungwa. Mjomba alikwenda uani akawauliza shangazi kama gitaa lilinyamaza wakati wowote. Walisema laiti lingenyamaza. Pili alirudia wimbo mmoja tangu saa nane mpaka ukelele ulipotoka, na sasa wimbo huo ulikuwa umemwingia mmoja wao kichwani, hautoki.

Mtu hawezi kupiga gitaa kwa mikono miwili na kukata ukucha chumba cha pili. Mjomba alimtoa Pili kwenye hesabu. Dole hakumtoa. Alikwenda kukaa barazani na kumpa mgongo.

Aliyefuata ni Dada Rangi. Huyu alikuwa na kila silaha ya kesi hii ndani ya kikapu kimoja: mikasi, vikata kucha, pamba, misasa, chupa ya asetoni ya kutolea rangi. Hakutikisika.

"Afande, nikisema sijawahi kutamani kuukata ukucha ule nitakuwa nadanganya," alisema. "Lile ni jembe. Lakini mimi nakata kucha nikilipwa, sikati bure."

Alisema alimaliza kumpaka bibi harusi saa nane juu ya alama, akamwambia akae mikono imenyooka, asiguse kitu chochote mpaka jua lipoe. Kisha akaenda uani kuwapaka shangazi kucha za miguu, na hakutoka pale. Shangazi walionyesha miguu yao kama ushahidi, miguu minne, nyekundu inang'aa. Kikapu je? Kikapu alikiacha chumbani kwa bibi harusi. Uani alitoka na kichupa cha rangi na brashi tu.

Mjomba aliinua chupa ya asetoni kwenye mwanga.

"Hii uliifungua lini?"

"Leo asubuhi." Dada Rangi aliitazama, akakunja uso. "Ilikuwa imejaa. Mimi sijatumia hata kifuniko. Bibi harusi nilimkuta na kucha safi."

Chupa ilikuwa imebaki nusu.

Mke wa Dole naye alihojiwa, ingawa aliyehojiwa zaidi ni Mjomba. Alimuuliza kama amesahau aliyemlea. Alisema ukucha ule umemkwaruza usiku mwingi kuliko paka, na kama angeukata, angeukata mwaka wa kwanza wa ndoa, si siku mbili kabla ya harusi ya mwanawe. Kisha akamwambia kaka yake kwamba Dole amekataa kula tangu aamke, na kwamba Dole asipokula ndipo yeye huogopa.

Mjomba alikaa peke yake jikoni na kikombe cha chai, akapanga alichonacho.

Adui angekata na kukimbia. Angekata ukucha na gundi yake pamoja, mkato mmoja, na vipande vingebaki shukani. Huyu alikaa muda mrefu na pamba ya asetoni, akayeyusha gundi tabaka kwa tabaka, akafuta kwa spiriti kama muuguzi, akakata bila kugusa nyama, akakusanya kila chembe, kisha akamvalisha mzee kifuko chake na kukifunga vizuri. Shangazi mkubwa alinong'ona habari za waganga. Lakini mganga akitaka ukucha wa mtu, hausafishi kwanza.

Hapo Mjomba akaacha kunywa chai. Walikuwa wakimtafuta mtu aliyetaka Dole akose ukucha. Huyu hakutaka hivyo. Huyu aliutaka ukucha wenyewe, tena aliutaka safi.

Saa kumi na mbili jioni aliwaita wote sebuleni. Aliwaambia waweke mikono juu ya meza, viganja chini. Walicheka, wakaweka. Dole aliweka wake mwisho, kifuko kimevaliwa.

Mjomba alizunguka meza kama mwalimu anayekagua usafi. Kucha za dada yake zilikuwa zinachanika ncha tabaka tabaka kama kitunguu, kwa sababu ya maji na sabuni. Akamwambia Dole ajifunze kitu hapo. Za shangazi mkubwa zilikuwa na michirizi ya kwenda mbele kama kitambaa cha kodrai, na shangazi akauliza kama ni ugonjwa. Mjomba akasema anavyojua ni umri tu. Shangazi akasema afadhali ugonjwa. Shangazi mdogo alikuwa na vidoa vyeupe kwenye kucha mbili, naye akatangaza kwamba kila kidoa ni zawadi inayokuja. Dada Rangi akamwambia kila kidoa ni mlango aliojigonga. Watu wakacheka tena, hata Pili.

Bibi harusi alikuwa ameweka mkono wa kushoto mezani. Wa kulia ulikuwa ndani ya mtandio.

"Na huo, mama," Mjomba alisema kwa upole.

"Rangi haijakauka, Mjomba."

"Saa nne zimepita. Ingekuwa saruji ingeshakauka."

Aliutoa. Kucha tatu ziling'aa kama ulimi wa kengele mpya. Lakini kidole gumba na cha shahada rangi yake ilikuwa imefifia na kukunjamana, imelika kwenye ncha, na kwenye kidole gumba kulikuwa na uzi mweupe wa pamba ulioganda ndani ya wekundu. Dada Rangi alishtuka kuliko wote. Alisema yeye hakuacha kazi ya namna hiyo.

"Najua," Mjomba alisema. "Ulipomaliza saa nane zilikuwa nzima. Huyu ulimwambia akae mikono imenyooka, asiguse kitu. Lakini rangi haiwezi kulika hivi bila asetoni, na asetoni haifiki kwenye vidole viwili hivi tu, mpaka mtu abane pamba navyo na kuikandamiza kwa muda mrefu." Akamgeukia bibi harusi. "Nilikutoa kwenye hesabu mapema, mama, kwa sababu wimbo ni wako. Nilisema nani ajiibie mwenyewe. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu."

Dole alimtazama binti yake kama mtu aliyesikia lugha ngeni.

"Ni mimi, baba," alisema bibi harusi.

Hakulia. Alieleza kwamba Jumapili mchumba wake alikaa karibu na Dole wakati wa mazoezi, akaona weusi pembeni, chini ya gundi. Usiku ule alimwambia kwamba mara nyingi weusi wa namna hiyo ni kitu kidogo, ni kugongwa au fangasi au unyevu. Lakini mara chache ni saratani, hasa ukianzia kwenye mzizi, na hakuna atakayejua kama gundi haijatoka. Yeye mwenyewe hakuweza kusema, kwani mkwe hamwamrishi baba mkwe aonyeshe kidole. Basi binti akamwomba baba yake aende hospitali. Jumatatu baba alisema baada ya harusi. Jumanne alisema ni gundi tu. Jumatano alitoka akaenda kulala. Ndipo leo, baba alipolala, akaiyeyusha gundi kwa asetoni ya kikapuni, akafuta kwa spiriti aliyopewa na mchumba, akaukata, na mchumba alipoleta viti akampa vipande.

"Ungeningoja mpaka Jumapili," Dole alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku tatu tu, mwanangu. Ningekupigia wimbo wako, halafu mngenikata hata mkono."

"Jumapili ungesema Jumatatu. Umenidanganya mwaka mzima, baba, na kila siku unavaa kifuko." Hapo ndipo alipoanza kulia, na akajifuta kwa mkono wenye kucha zilizoharibika. "Ule ni wimbo wa dakika nne. Nitaucheza vipi huku najiuliza kama wewe unakufa?"

Mke wa Dole alivuta kiti chake karibu na mumewe, akaushika ule mkono, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akafungua ule uzi yeye mwenyewe. Akauangalia ukucha, akamwangalia mumewe. Alichomwambia alikisema chini chini, na hadithi hii haitakirudia, ila neno la mwisho lilikuwa "mjinga".

Bwana harusi aliingia wakati huo, jasho linamtoka, shati limetoka nje ya suruali. Aliona mikono mezani, akaona macho, akajua. Akapiga hatua moja kurudi nyuma, na Mjomba akafunga mlango.

"Sema tu, kijana," alisema. "Mshtakiwa mwenzako ameshakiri. Majibu?"

Kijana alisema kipande amekiangalia kwa hadubini mara mbili, na daktari akakiangalia pia. Ni fangasi. Rangi ya kijani na weusi ni vijidudu vilivyozaliana kwenye unyevu uliofungiwa chini ya gundi.

"Na ile nyingine?" bibi harusi aliuliza.

Kijana aliomba ruhusa kwa macho, kisha akapiga magoti mbele ya baba mkwe, akakishika kile kidole. Alikigeuza kwenye taa. Weusi ulikuwa pembeni na mbele tu. Kile kijimwezi cheupe penye mzizi wa ukucha kilikuwa safi, na ngozi ya kuzunguka mzizi ilikuwa safi. Hakuna mstari uliotokea huko.

"Daktari anataka kukuona Jumatatu ahakikishe, baba, maana kipande peke yake hakitoshi kumaliza neno. Lakini mimi sioni cha kuogopa. Utameza dawa miezi kadhaa. Hatung'oi kitu." Akaigusa ncha ya ukucha. "Baba, sehemu ya ukucha unayoisugua na msasa ni mfu, kama nywele. Ulio hai ni mzizi, umo ndani ya ngozi, na wako ni mzima. Ukiacha gundi, baada ya nusu mwaka hivi utakuwa na ukucha mpya."

Dole alikitazama kidole chake.

"Kwa hiyo nilikuwa nalinda maiti," alisema.

"Na maiti ikanioa mimi," mkewe alisema, na sebule yote ikapasuka kwa kicheko, kile cha watu walioshika pumzi tangu alasiri.

Dada Rangi alijitolea kubandika ukucha wa plastiki, mzuri, wa rangi yoyote. Kijana akasema hapana, kidole kikae wazi na kikae kikavu. Dole aliposikia neno kikavu aliinua kichwa. Aliuliza kama hiyo maana yake asioshe vyombo. Kijana, ambaye alikuwa bado mgeni katika siasa za nyumba ile, alisema ndiyo. Dole akamgeukia mkewe kwa ushindi. Mkewe akasema glovu za mpira zinauzwa duka la pili.

Ikabaki habari ya wimbo. Dole aliinuka, akaenda mpaka kwa Pili, akasimama.

"Nilikuita fisi."

"Nilisikia. Nilikuwepo."

"Wewe unapigaje bila kucha?"

Pili aliinua vidole vyake vilivyotafunwa. "Kwa nyama, kaka. Kucha nazila tangu utoto, nimepiga kwa nyama miaka yote nyuma yako, na hujawahi kuuliza. Sauti inakuwa ndogo, lakini ipo." Akasukuma gitaa. "Kaa. Kesho kutwa si mbali. Na leo mwalimu ni mimi, kwa hiyo hutanikatiza."

Alimkatiza mara nyingi. Ijumaa yote walishinda barazani, Pili akimpiga Dole kofi la mkono kila kidole kilipotafuta ukucha usiokuwepo, na shangazi wakiomba Mungu wimbo ubadilike.

Jumamosi, bibi harusi alipofika mlangoni mwa ukumbi, Dole alianza. Ile sauti nzito iliyozoeleka haikuwepo. Ilitoka sauti laini, ya chini, kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala. Watu wa meza za nyuma hawakusikia kitu, wakanyamazishana. Wahudumu wakasimama na sinia zao za soda. Ukumbi mzima ukatulia ili kumsikia mzee mmoja na nyama ya kidole chake, na binti akatembea polepole kuliko walivyofanya mazoezi, kwa makusudi, wimbo usiishe.

Mjomba alilia, akasema ni pilipili, ingawa chakula kilikuwa hakijaletwa.

Wakati wa picha, mpiga picha alimwomba bibi harusi ashike mkono wa baba yake. Kisha akashusha kamera. Alisema kuna vidole viwili rangi imeharibika, na mzee naye kidole chake hakipendezi, labda wafiche. Dada Rangi aliinamisha kichwa kwa aibu, kwani tangu Ijumaa alikuwa ameomba kuzirudia zile kucha mbili, na bibi harusi akakataa.

Dole aliweka kidole gumba chake, kitupu na kibaya, juu ya vidole vile viwili.

"Piga hivyo hivyo," alisema. "Tena sogea karibu."